Hekima ya Kushika kwa Ulegevu: Kingamwili na Vipokezi Vyake



Mwaka 1894 mkemia wa Kijerumani Emil Fischer alifananisha kimeng'enya na kufuli, na kile kinachofanyiwa kazi nacho na ufunguo. Kwa jambo alilolikusudia, mfano huo ulifaa. Kosa ni letu, tuliouhamishia mahali pasipo pake. Tunawafundisha wanafunzi kwamba kingamwili hunasa kijidudu kwa mikono yake miwili, kisha mkia wake huingia katika kipokezi cha seli ya kinga kama ufunguo, kufuli hufunguka, na seli huanza kuua. Picha hiyo imezaa imani nyingine inayoongoza hata fikra za watengeneza dawa: kwamba kadiri mkia unavyoshikwa kwa nguvu, ndivyo kinga inavyokuwa bora. Jioni hii nakusudia kuonyesha kwamba seli za kinga hazikujengwa hivyo, na kwamba ulegevu wa kushika, tunaoudhania kasoro, ndio unaotulinda.

Tuanze na hesabu isiyohitaji maabara. Katika kila lita ya maji ya damu yetu zimo takriban gramu 10 za kingamwili za aina ya IgG. Kipokezi kiitwacho CD16, kilichopo kwenye seli za uuaji asilia, kinahesabiwa kuwa dhaifu. Hata hivyo, kiwango kilicho chini mara makumi kadhaa kuliko hicho kinatosha kujaza nusu ya vipokezi hivyo. Maana yake ni kwamba hata kwa mtu mzima wa afya, aliyelala usingizi wake bila homa, vipokezi vyake vingi wakati wowote vimeshika mkia wa kingamwili fulani. Kama mkia ungekuwa ufunguo, makufuli yote yangekuwa wazi usiku na mchana, na mwili ungejiunguza wenyewe kabla haujaonana na adui. Hatuungui. Kwa hiyo kushikwa kwa mkia, peke yake, si ishara ya vita.

Watetezi wa ufunguo wana jibu, nalo si la kubezwa. Wanasema kingamwili inaponasa kijidudu, mkia wake hubadilika umbo. Ufunguo huchongwa wakati huo, si kabla. Lakini kati ya mikono na mkia wa IgG ipo bawaba laini inayopinda kila upande. Ni vigumu kuona jinsi msukumo wa umbo utakavyopita humo. Ni sawa na kusukuma jiwe kwa kamba. Zito zaidi ni majaribio ya miaka ya 1970. Watafiti walichukua IgE, kingamwili za mzio, wakaziunganisha mbili mbili kwa kemikali pasipo antijeni yoyote, kisha wakaziweka kwenye seli za masti. Seli zikamwaga histamini. Kimishige na Teruko Ishizaka wakaenda mbali zaidi: waliiacha IgE kando, wakatumia kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya kipokezi chenyewe. Seli zikamwaga histamini vilevile, mradi kila kingamwili ilikuwa na mikono miwili ya kuvuta vipokezi viwili. Kipande chenye mkono mmoja hakikufanya kitu. Hapo hapakuwa na ufunguo uliochongwa, kwa kuwa hapakuwa na ufunguo kabisa. Palikuwa na vipokezi vilivyosogezwa karibu. Huo ukaribu ndio habari inayosomwa na seli.

Kuhusu namna mkia unavyoshikwa, chanzo ninachokithamini kuliko vingine vyote ni makala fupi ya Peter Sondermann, Robert Huber na wenzao katika jarida la Nature la mwaka 2000. Njia ya kuifikia ilianzia kwenye papai. Mwaka 1959 Rodney Porter, akiwa London, alieleza jinsi alivyokata kingamwili za sungura kwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, kilekile kinacholainisha nyama ngumu jikoni mwetu. Vilitoka vipande vitatu: viwili vinavyonasa, na cha tatu kisichonasa kitu ila kiligeuka fuwele kwa urahisi. Hicho cha tatu ndicho mkia. Una nusu mbili zinazofanana kama mapacha, kwa hiyo mtu angetarajia kila nusu ishike kipokezi chake. Fuwele za Sondermann zilionyesha jambo jingine. Kipokezi kimoja hujipenyeza katikati ya nusu hizo, chini kidogo ya bawaba, kikazigusa zote mbili, lakini kila moja mahali tofauti. Upande mmoja, asidi amino ya prolini, namba 329 katika mnyororo wa mkia, hubanwa kati ya tryptofani mbili za kipokezi kama tonge kati ya vidole. Kwa kukaa hapo, kipokezi huuvunja ulinganifu wa mapacha na kuiziba nafasi ambayo kipokezi cha pili kingeitumia. Mkia mmoja, kipokezi kimoja, basi. Naiheshimu makala hii kwa sababu imekijibu kitendawili cha hesabu yetu ya mwanzo. Kama mkia mmoja ungeshika vipokezi viwili, kila kingamwili inayoelea bure ingevisogeza pamoja na kuiwasha seli bila kijidudu chochote. Mwaka huohuo kundi la Theodore Jardetzky lilionyesha kwamba IgE nayo hushikwa kwa mpangilio huohuo wa mmoja kwa mmoja.

Sasa tuutazame ulegevu wenyewe. Mkia wa IgG iliyo peke yake hukaa kwenye CD16 kwa muda mfupi tu, ukachomoka, ukaingia mwingine. Kijidudu kinapofika kimevikwa kingamwili nyingi, mambo hubadilika: mkia mmoja ukichomoka, majirani zake bado wameshika, na mkia huo hurudi mahali pake kabla haujaenda mbali. Kidole kimoja hakivunji chawa, na seli imejengwa juu ya kanuni hiyo. Kama mkia wa kwanza ungeng'ang'ania kwa siku nzima, vipokezi vingezibwa na kingamwili zisizo na kazi, na kundi lililobeba adui lingekosa mlango. IgE inaithibitisha kanuni hii kwa upande wa pili. Ni adimu mno katika damu ikilinganishwa na IgG, nayo hushikwa kwa nguvu kubwa, ikakaa wiki kadhaa kwenye seli za masti za ngozi. Kilicho adimu hung'ang'aniwa. Kilicho tele hushikwa kwa ulegevu. Najua mtanikumbusha CD64, kipokezi cha makrofaji kinachoishika IgG kwa nguvu licha ya wingi wake. Kipo, na hukaa kimejaa. Lakini hata hicho hunyamaza mpaka kikusanywe pamoja na wenzake.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa watengeneza dawa. Kwenye mkia wa IgG, mahali namba 297, pana mnyororo wa sukari. Ukiondoa humo sukari moja iitwayo fukozi, CD16 huushika mkia kwa nguvu mara nyingi zaidi, na seli za saratani huuawa kwa wepesi. Dawa kama obinutuzumab zimejengwa juu ya ugunduzi huo. Vilevile, wagonjwa wa limfoma ambao CD16 yao ina valini mahali namba 158, umbo linaloshika vizuri zaidi, waliripotiwa mwaka 2002 kuitikia dawa ya rituximab vizuri zaidi kuliko wenzao wenye fenilalanini. Je, hapo si nguvu iliyoshinda? Imesaidia, nakubali. Lakini ilichofanya ni kupunguza idadi ya kingamwili zinazohitajika juu ya seli moja. Haikuigeuza kingamwili moja kuwa ufunguo. Tena ina gharama. Kwa wagonjwa wa dengue, IgG nyingi zisizo na fukozi zimehusishwa na ugonjwa mkali. Nguvu inayomfaa mgonjwa wa saratani inaweza kumdhuru mgonjwa wa homa.

Jambo hili linatuhusu sisi kwa karibu kupitia malaria. Mwaka 1961 Cohen, McGregor na Carrington walionyesha kwamba kingamwili za watu wazima wa Gambia waliozoea malaria zilipunguza vimelea kwa watoto wagonjwa. Mwaka 1990 Hasnaa Bouharoun-Tayoun, Pierre Druilhe na wenzao wakachunguza kingamwili za Waafrika zilizowasaidia wagonjwa nchini Thailand, wakakuta kwamba zikiwa peke yake maabarani hazikuzuia kimelea kukua. Zilipowekwa pamoja na seli za kinga ziitwazo monosaiti, zilizuia. Mkia ndio uliokosa mwenza. Kweli, haiko hivyo kwa kila kingamwili. Chanjo ya malaria ya RH5, iliyojaribiwa Bagamoyo, huamsha kingamwili zinazomzuia kimelea asiingie kwenye chembe nyekundu kwa mikono tu, pasipo msaada wa seli nyingine. Nalikubali hilo bila shingo upande. Lakini njia moja kufanya kazi si sababu ya kuifumbia macho ya pili, ambayo miili ya watu wetu imekuwa ikiitumia muda wote huo.

Kwa hiyo, tunapoipima chanjo, tusiishie kuuliza kingamwili zake zinanasa kwa nguvu kiasi gani. Tuulize ni ngapi zinazokaa juu ya kimelea kimoja, zimekaribiana vipi, na mikia yake imebeba sukari gani. Hayo ndiyo maswali ambayo seli ya kinga yenyewe huyauliza kila sekunde, kwa kushika na kuachia, kushika na kuachia, mpaka ikutane na mikia mingi kwa pamoja ndipo iamini kwamba adui amefika.