Chungu Si Karatasi: Kupaka Rangi Vyungu vya Maua katika Darasa la Awali

Karatasi zikiisha, walimu wengi wa darasa la awali huahirisha somo la kuchora. Mada hii inawaelekeza kwenye chungu cha maua: kile cha udongo wa kuchoma wanachokipanga wauza miche kandokando ya barabara za Dar es Salaam, au kopo la maziwa lililotobolewa kitako kwa msumari. Chungu kina mafunzo ambayo karatasi haina.

Mtazame mtoto wa miaka minne anayezungusha mstari mwekundu. Mkono mmoja umeshika brashi, mwingine umekumbatia chungu, na lazima mikono hiyo ielewane. Mstari unapotelea upande wa nyuma. Mtoto anapinda shingo kuufuata, anakwama, kisha anang'amua kwamba kumbe chungu kinageuzika! Mwishowe mstari unarudi ulikoanzia, mara nyingi ukiwa umepanda au kushuka kidogo, na kicheko kinamtoka. Duara limefundishwa bila mwalimu kufungua kinywa. Mdomo, kitako, ndani, nje, pana, nyembamba: maneno hayo yote yanapata kitu cha kushika.

Kumkabidhi mtoto mmea wake si wazo jipya: Friedrich Fröbel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwagawia watoto vitalu vya bustani wavitunze wenyewe. Huku kwetu, mpango wa shule za awali za madrasa uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan ulianzia Mombasa miaka ya 1980, ukaenea Zanzibar na Uganda, na walimu wake walizoea kutengeneza vifaa kwa malighafi za mtaani. Anayesubiri bajeti ya vifaa atasubiri sana.

Rangi ndiyo yenye hatari. Mabaki ya rangi ya mafuta yaliyobaki baada ya kupaka milango yasiingie darasani, kwani baadhi ya rangi hizo zina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Vidole vya umri huo haviishi kwenda mdomoni. Badala yake, mwalimu apike uji mzito wa unga wa ngano, augawe kwenye vikopo, kisha atie udongo mwekundu uliochekechwa, mkaa uliotwangwa, binzari manjano au maji ya choya. Hapo kwenye choya asiwe na haraka: akidondoshea mwenyewe maji kidogo ya magadi, wekundu unageukia buluu au kijani mbele ya macho ya watoto, na maswali hayatakwisha siku hiyo.

Rangi hizi hazidumu. Manjano hupauka juani, na chungu cha udongo hunyonya maji hadi unyevu ukabandua rangi kutokea ndani. Basi vyungu vikae barazani, na vikichujuka vipakwe upya. Kwa mtoto hiyo ni habari njema.

Kinachoharibu zoezi hili ni siku ya wazazi. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwalimu huchukua brashi "kurekebisha" kidogo, na asubuhi vyungu vyote vina ua lilelile la petali tano. Mama mtu atasifu, lakini mtoto anajua ule si mkono wake. Rhoda Kellogg, Mmarekani aliyekusanya michoro ya watoto kwa wingi, alibainisha aina 20 za mikwaruzo ya msingi inayotangulia picha zinazotambulika. Kinachoonekana kama uchafu kwenye chungu ni hatua, na haina sababu ya kufutwa.

Rangi ikikauka, kazi iendelee: kokoto chini, udongo juu, mbegu za mchicha, ambazo huchipua ndani ya siku chache tu.

Wenye madarasa yaliyofurika wasiogope. Watoto 60 wanaweza kutumia vyungu 12, watano kwa kimoja, wakipokezana: huyu anapaka, yule anakoroga uji, wengine wanachekecha udongo. Kila mmoja apewe upande wake. Mipaka itagombaniwa, na ugomvi huo mwalimu auache kidogo kabla ya kuuingilia.