Kibao cha Kwambe

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kibao. Sisemi kibao cha duka, wala kile cha kutuonya kwamba mna mbwa mkali. Nasema kile kinachosimamishwa kando ya njia kumwambia mpita njia: hapa alizaliwa fulani.

Mimi kwetu ni Ikolo, wilayani Kyela, kwenye mpunga na kakao. Huko ukifika huulizwi kwanza unafanya kazi gani. Unaulizwa wewe ni mtoto wa nani na kitovu chako kilizikwa wapi. Safari yangu ya mwisho niliwakuta wazee wakibishana: mtu mkubwa aliyezaliwa mwambao wa Ziwa Nyasa, kisha akakosana na serikali yake, anastahili kibao au hastahili? Jina lililoleta ubishi lilikuwa la Oscar Kambona.

Kambona si mtu wa Kyela. Ukipanda meli Itungi unafuata mwambao wa mashariki, Matema, Lupingu, Manda, Liuli, mpaka Mbamba Bay. Kijiji chake, Kwambe, kiko jirani na hapo, mkoani Ruvuma. Lakini watu wa ziwani huhesabu ujirani kwa meli, hawahesabu kwa mikoa, na wazee wa Ikolo walimzungumza kama kijana wa nyumba ya pili.

Mzee mmoja alisema kibao ni cha waliobaki, siyo cha waliokimbia. Wengi tutamwunga mkono kwa haraka, hasa sisi tuliokua tukilisikia jina hilo likitajwa kwa sauti ya chini. Basi tutazame mambo yenyewe.

Kambona alikuwa Katibu Mkuu wa TANU katika miaka ya kudai uhuru. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi Dar es Salaam wakitaka mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa Waingereza, Rais Nyerere na Kawawa walifichwa. Aliyekwenda kuzungumza na askari wenye bunduki ni Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Uasi ulizimwa siku chache baadaye na wanajeshi wa Kiingereza, hilo halina ubishi, lakini katika saa zile za kwanza mji ulikuwa na waziri mmoja wa kuonekana. Huyo huyo aliongoza Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyokuwa na makao yake hapa hapa Dar es Salaam.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Hakukubaliana nalo. Akajiuzulu Juni, na Julai akaondoka kwenda London. Katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970 alitajwa kuwa kinara wa njama, naye hayupo. Ndugu zake wawili waliwekwa kizuizini miaka mingi.

Sasa wewe msomaji wa mjini, uliyepanda daladala asubuhi ya leo, huenda umepita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi alikuwa mshtakiwa katika kesi hiyo hiyo. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akasamehewa mwaka uliofuata. Leo jina lake limebandikwa katikati ya jiji, malori yanapita chini yake, na nchi haikuanguka. Kama barabara ya mjini imeweza kulibeba jina hilo, mguu mmoja wa saruji kule Kwambe utashindwa na lipi?

Liko jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Baba yake Kambona, David, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupewa upadri wa Kianglikana katika sehemu zile. Dayosisi ilikuwa na kanisa lake kuu kisiwani Likoma, na meli yake, Chauncy Maples, ilizunguka pande zote za ziwa ikibeba mapadri na walimu. Kanisa halikuona mpaka ndani ya maji. Serikali ndizo zilizouona, na Malawi na Tanzania bado hazijakubaliana unapita wapi.

Mtu aliyezaliwa mahali pa namna hiyo, siku mkikosana naye, ni rahisi kumwuliza: wewe hasa ni wa wapi? Kambona aliporudi mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi ukiwa umeruhusiwa, swali hilo liliulizwa. Na yeye, nisimpake mafuta, hakuwa bora: alijibu kwa kuhoji asili ya viongozi wenzake. Mchezo huo tunaujua. Hautumiki kwa mtu ambaye bado tunakunywa naye chai.

Ndiyo sababu nakitaka kibao. Kazi yake isiwe kumsifu. Kiseme tu kwamba mwanasiasa huyu wa Tanganyika kitovu chake kimezikwa hapa, upande huu wa maji, ili atakayemchukia amchukie kwa alilotenda na aache kwao.

Kisiwe cha chuma, maana chuma siku hizi kinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kisiwe cha mbao, mchwa hawana itikadi. Kiwe cha jiwe, na maneno yasizidi mistari mitano, kwa Kiswahili, mtoto wa darasa la tatu ayasome bila kuuliza. Kuzaliwa Kwambe. Katibu Mkuu wa TANU. Januari 1964. Kujiuzulu Juni 1967, na sababu itajwe, kwamba alilipinga Azimio. Mstari wa mwisho kuna watakaotaka uachwe, lakini nao uandikwe: alifariki London, 1997.