Je, Kuna Kinachoupita Mwanga?

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Njombe)



Jana kijana wa Kidato cha Tatu aliniuliza: "Mzee, mwalimu anasema hakuna kinachoupita mwanga. Mbona nimesoma kuwa angani vipo vinavyoupita? Nani mwongo?" Nilimwomba asubiri leo.

Swali lake si la mzaha. Mwaka 1971 wanasayansi wa Marekani waliunganisha antena ya Goldstone, California, na ya Haystack, Massachusetts, zilizoachana kwa kilomita 3,900 hivi, zikawa kama darubini moja. Waliitazama 3C 279, kiini cha galaksi ya mbali sana, ambamo shimo jeusi hurusha mkondo wa chembe zitoazo mawimbi ya redio. Kwa miezi michache tu sehemu zake zilionekana kuachana kwa mwendo unaoushinda ule wa mwanga mara kadhaa.

Sasa twendeni Makambako, kama kilomita 60 kutoka hapa. Tuseme dereva anaondoka Njombe saa 1:00 asubuhi, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Papo hapo mtu wa pikipiki, anayekwenda kilomita 60 kwa saa, anapeleka habari kuwa dereva ameondoka. Habari inafika saa 2:00. Dereva anafika saa 2:12. Aliyeko Makambako, akidhani dereva ameondoka dakika ile alipopata habari, atasema: "Kilomita 60 kwa dakika 12! Huyu anakwenda kilomita 300 kwa saa!" Hakuna aliyedanganya. Dereva aliifuata habari yake kwa karibu.

Ndivyo ilivyo angani. Mkondo ule unatujia karibu moja kwa moja, ukielekea upande kidogo, nao uko nyuma kidogo tu ya mwanga wake. Safari ya miaka mingi twaiona kwa miezi. Martin Rees wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1966, kabla halijapimwa.

Basi kijana, mwalimu wako yu sahihi, na kipimo nacho ni sahihi. Ulibaki kuuliza habari ilisafiri vipi.

Ndugu zangu, mwaka 2017 Ghana ilizindua darubini ya redio iliyotokana na antena kuukuu ya simu. Kenya, Msumbiji na Zambia zimo katika nchi nane zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika elimu hii, sisi hatumo. Kijana aliyeuliza swali lile yuko hapa, na meza za maabara yake ya fizikia mmeziona asubuhi. Naomba mchango wa leo uanzie huko.