Sindano Mbili kwa Siku Moja

Msikilizaji, mtoto akifikisha wiki 6 hapa Tanzania, kliniki humpa chanjo nne kwa mkupuo: matone ya polio na ya rota mdomoni, sindano ya pentavalenti paja moja, na ya nimonia paja la pili. Akifika wiki 14, sindano zinakuwa tatu. Hapo ndipo mzazi humwambia nesi, "Leo mchome moja tu, nyingine nitarudi."

Mama, huruma hiyo naielewa. Kilio cha kichanga kinakata maini. Lakini kifaduro, ambacho pentavalenti hukinga, huua zaidi watoto wa miezi ya mwanzo, na nimonia nayo haingoji upate nauli ya kurudi. Kila wiki unayoahirisha, mtoto anakaa bila kinga, kisha bado atachomwa sindano ileile.

Je, mwili mdogo utazidiwa? Hapana. Tangu azaliwe, mtoto anapambana na vijidudu vingi kila siku. Vilivyomo kwenye chanjo zote hizo ni sehemu ndogo sana. Chanjo hizi zikitolewa pamoja, kinga hujengeka vilevile. Homa kidogo au uvimbe pajani ni kawaida, huisha baada ya siku moja au mbili. Usipake dawa wala mafuta palipochomwa. Homa ikizidi au akipata degedege, mrudishe kituoni mara moja.

Wakati wa sindano, mpakate na umnyonyeshe. Maumivu hupungua kweli. Baba, nawe nenda. Bibi akiwa na wasiwasi, aje aulize mwenyewe.