Hati za Viungio vya Mabomba ya Mvuke

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vyenye viwanda



Chama kinaponunua elbo, tii na viungio vingine vya mabomba ya mvuke, hununua vitu viwili: chuma chenyewe na karatasi ya kukieleza. Mara nyingi karatasi hiyo hutiwa katika faili bila kusomwa. Hasara yake huonekana siku kiungio kinapopasuka, na mvuke wa boila humbabua mtu kabla hajawahi kugeuka.

Elbo nyingi za feleji hufanyizwa kwa kukunja bomba lililopashwa moto. Kazi hiyo yaweza kuacha mikazo ndani ya chuma, pengine upande mmoja mgumu na wa pili laini. Ndiyo sababu viungio vingi hurudishwa tanurini, vikapashwa moto hadi nyuzi 900 za Selsiasi hivi, kisha vikaachwa vipoe hewani. Vingine huzimwa majini na kupashwa tena kwa moto mdogo. Mhunzi wa jadi aliijua kazi hiyo kwa kutazama rangi ya moto. Kiwandani jicho halitoshi, kwani viungio viwili hufanana kwa sura hata kama kimoja hakikuiva.

Hapo ndipo majaribio huingia. Kipande hukatwa na kuvutwa kwa mashine hadi kikatike. Katika kiwango cha Marekani cha ASTM A234, chuma cha daraja la WPB, ambalo hutumika sana, sharti kihimili newtoni 415 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. Kwa mizani ya ghalani, ujiti wa milimita mraba moja ungebeba kilo 42 hivi. Jaribio jingine, lililobuniwa na Johan August Brinell wa Sweden mwaka 1900, hugandamiza gololi ngumu juu ya chuma na kupima kovu lake. Hapa wanunuzi wengi hukosea, wakidhani kwamba kigumu zaidi ndicho bora. Daraja hilo haliruhusu ugumu kupita 197 kwa kipimo cha Brinell, kwa sababu chuma kigumu mno huvunjika kama chungu badala ya kupinda.

Kipande kilichovutwa hakiuzwi tena. Kwa hiyo hati husemea viungio ambavyo havikuvutwa, na haki ya kufanya hivyo hutokana na jambo moja tu: kipande kile kilitoka katika myeyusho uleule na kupita moto wa namna ileile. Kila myeyusho hupewa namba, nayo hugongwa mwilini mwa kiungio. Namba ya chuma isipolingana na ya hati, hati hiyo ni ya mali nyingine, hata ikiwa na mihuri mitano.

Hati nazo si sawa. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 10204, hati ya 2.1 ni neno tu la mtengenezaji kwamba mali inalingana na agizo. Ya 2.2 huongeza matokeo, lakini si lazima yawe ya mali iliyoletwa. Ya 3.1 hutoa matokeo ya mali hiyohiyo, na huthibitishwa na mkaguzi wa kiwanda asiye chini ya idara ya uzalishaji. Ya 3.2 huongeza uthibitisho wa mwakilishi wa mnunuzi au wa mkaguzi aliyewekwa kisheria. Kwa mabomba ya mvuke, chama kisikubali iliyo chini ya 3.1, na sharti hilo liandikwe katika agizo lenyewe. Kuliomba baada ya kulipa ni kazi bure.

Lipo pia suala la mafundi. Kiungio kikikataa kukaa, wapo wanaokipasha kwa gesi hadi kiwe chekundu, kisha wakakigonga kwa nyundo. Tangu hapo matokeo ya hati si yake tena, na hakifai kurudishwa kwenye njia ya mvuke.

Katibu na anakili namba ya kila kiungio katika daftari la ghala siku mzigo unapopokelewa, kabla mafundi hawajapaka rangi.