Kibao Kisiuzwe kwa Hasara



Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya hupita Ilula, na kila duka jipya pale lahitaji kibao. Kazi ipo, faida ndiyo haionekani. Fundi huhesabu rangi na ubao, akasahau jasho lake.

Tuchukue mfano: vifaa shilingi 20,000, kazi ya siku mbili 20,000, nauli 3,000. Kibao hicho kikiuzwa 35,000, fundi hudhani amepata 15,000, kumbe amepoteza 8,000.

Basi, gharama zote ziandikwe kabla ya bei kutajwa. Mteja atangulize nusu. Rangi inunuliwe kwa pamoja. Mbao za misindano zikaushwe kwanza, kwani ubao mbichi hupinda.

Mali bila daftari hupotea bila habari.