Ali Mazrui na Mizani ya Utamaduni: Mazungumzo na Walimu na Wanafunzi wa Madrasa, Lushoto

  



Tumeombwa kuzungumza juu ya vitabu vya marehemu Profesa Ali Al'amin Mazrui. Bila shaka wapo watakaouliza: Je, yafaa mwanafunzi wa fiqhi na tafsiri kujishughulisha na mtu aliyeandika kwa Kiingereza na kufundisha katika vyuo vya Marekani? Swali hili ni la haki, na linastahili jibu.

Mtoto wa nyumba ya islahi

Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ndiye aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Kwa kalamu yake, fikra za islahi za Muhammad Abduh na Rashid Ridha wa Misri ziliwafikia watu wa pwani yetu kwa lugha waielewayo. Aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya dini na ya dunia, waache uzushi, na wasiige kila kitokacho Ulaya bila kupima.

Sheikh alifariki mwaka 1947, mwanawe akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Mwana akasoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Makerere hadi mwaka 1973, katika zama za Idi Amin, kisha akaenda Michigan na baadaye Binghamton katika jimbo la New York. Alifariki Oktoba 2014, na akazikwa Mombasa. Cheo chake chuoni kilikuwa cha elimu ya siasa, lakini swali lililomshughulisha ni lile lile la baba yake: tuchukue nini kwa wengine, na tukipime kwa mizani gani?

Urithi wa aina tatu

Mwaka 1986 alitoa kitabu na filamu ya televisheni vyenye jina The Africans: A Triple Heritage. Hoja yake ni kwamba Mwafrika wa leo amerithi vitu vitatu: mila za asili, Uislamu, na mambo ya Magharibi. Anayetaka ushahidi wa hoja hii asisafiri mbali, autazame mji huu. Vugha ulikuwa makao ya wafalme wa Kilindi. Uislamu ulipanda milima hii kutoka Pangani na Tanga pamoja na misafara ya biashara. Wajerumani nao wakaja, wakauita mji wa Lushoto Wilhelmstal, na wamisionari wao wakaanza kazi Mlalo mwaka 1891. Hadi leo zipo familia ambazo ndugu wa baba mmoja huswali msikitini na mwingine huenda kanisani, na wote hukutana msibani.

Ndugu zangu, urithi si kitu cha kusifiwa tu. Baada ya kufariki mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, watoto na wajukuu wake walipigania utawala. Semboja aliketi Mazinde, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki, na watu wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Miongoni mwa walionunua walikuwamo wafanyabiashara wa pwani wenye majina kama yetu. Hatuna budi kulisema hili wazi, kwa sababu jina la Kiislamu halihalalishi dhulma.

Kazi saba za utamaduni

Katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya nguvu za utamaduni katika siasa za dunia, Mazrui ametaja kazi saba za utamaduni. Utamaduni ni miwani ya kuuonea ulimwengu. Ni msukumo wa matendo. Ni mizani ya kupimia jema na baya. Ni msingi wa mtu kujitambua. Ni njia ya mawasiliano. Ni msingi wa matabaka. Na ni mfumo wa kuzalisha na kutumia mali.

Tuizingatie ile ya saba. Mazrui alilalamika mara nyingi kwamba Waafrika tumeazima ladha za Magharibi bila kuazima ujuzi wake. Tumependa bidhaa zake, na karakana zake hatukuzijua. Mkulima wa Lushoto hulima kabichi, viazi na matunda kwa jasho lake, na mzigo hushuka Mombo kwenda Dar es Salaam. Kijana wake hutamani simu mpya kabla hajatamani kujua namna ya kuhifadhi mazao yasioze. Hii si kasoro ya simu. Ni kasoro ya kuazima nusu.

Pale tunapotofautiana naye

Mazrui huutazama Uislamu kama mmoja katika urithi wa aina tatu, na mtaalamu wa jamii ana haki ya kuanzia hapo. Kwa muumini haitoshi. Wahyi hauketi safu moja na mila ili zishindanishwe. Wahyi ndio unaozipima mila. Qur'an katika Surat al-Baqarah, aya ya 170, imewalaumu waliojitetea kwa kusema wanafuata waliyowakuta nayo wazazi wao. Kwa hiyo ile kazi ya tatu, ya kupima jema na baya, hatuuachii utamaduni peke yake, uwe wa Kiafrika, wa Kiarabu au wa Kizungu.

Lakini tujihadhari na kosa la upande wa pili, la kuzitupa mila zote. Wanazuoni wetu wa usuli wameipa 'urf, yaani desturi njema, nafasi katika hukumu madhali haipingani na nassi. Na Wasambaa wana neno zito mno: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake, kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mwanahistoria Steven Feierman ameyafafanua maneno haya katika kitabu chake cha mwaka 1990. Nchi hupona pakiwa na amani, mvua na chakula. Huharibika wenye nguvu wanaposhindana.

Sasa tuisome Surat al-A'raf, aya ya 56, inayokataza kufanya ufisadi katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Neno lililotumika hapo kwa kutengenezwa ni islahi. Basi mzee wa Kisambaa aliyesema kuzifya shi na mwalimu anayesomesha islahi wana mahali pa kukutania, nako ni msituni Magamba, kwenye chemchemi, na kwenye miteremko inayomomonyoka.

Tukumbuke pia kwamba katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa hapa kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Lengo la kulinda udongo lilikuwa jema. Lakini kazi ilikuwa nzito, watu wakaamrishwa badala ya kushauriwa, wakapinga, na mpango ukaachwa. Islahi isiyo na shura huzaa uadui, hata ikiwa na haki ndani yake. Sisi tunaowaita watu kwenye islahi ya dini tulizingatie hili kabla ya wengine.

Nasaha

Jibu la swali la mwanzo, basi, ni hili: Mazrui asomwe, na apimwe. Walimu wawafundishe vijana kutofautisha alichokiona vizuri na alichokiacha. Wanafunzi wawaulize babu na bibi zao maana ya maneno ya Kisambaa kabla hayajazikwa nao. Na kila madrasa yenye kiwanja ipande miti, kwani Mtume (s.a.w.) amemwelekeza mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama.

Tunamwomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa na aiponye nchi yetu. Wabillahi tawfiq.